Manjano ya mtoto mchanga: taa ya bluu, kamera ya simu na akili mnemba

Manjano ni hali ya ngozi na weupe wa macho ya mtoto kugeuka rangi ya njano katika siku za mwanzo za maisha. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga huipata. Wengi hupona wenyewe bila dawa yoyote. Wachache hupanda kiwango hadi sumu ikafika kwenye ubongo, na ubongo ukishaumia haurudi.

Hii siyo homa ya manjano, ule ugonjwa unaoenezwa na mbu na ambao wasafiri huchanjwa. Majina yanafanana tu. Mama akisikia "mtoto ana manjano" asidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, wala asimtenge mtoto na wenzake.

Katika ukurasa huu nitaeleza namna mwanga unavyotumika kutambua na kutibu manjano, na namna kompyuta zinazojifunza, ambazo sasa tunaziita akili mnemba (wengine husema akili bandia au akili unde), zinavyoanza kuusoma mwanga huo kupitia kamera ya simu. Nimeandika kwa sababu hapa Bombambili maswali yamebadilika. Zamani mama aliuliza, "Nimwanike juani?" Siku hizi anauliza pia, "Kuna programu ya simu inayopima manjano, niitumie?"

Rangi hiyo inatoka wapi

Damu ya mtoto aliye tumboni ina chembe nyekundu nyingi. Akishazaliwa na kuanza kuvuta hewa mwenyewe, chembe hizo zinavunjwa kwa wingi. Mabaki yake ni rangi ya njano inayoitwa bilirubini. Kazi ya ini ni kuibadilisha bilirubini ili itoke kwa njia ya choo, lakini ini la kichanga bado ni changa na hufanya kazi polepole. Rangi inarundikana kwenye damu, kisha kwenye ngozi.

Kwa kawaida manjano huonekana siku ya pili au ya tatu, hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hupungua ndani ya wiki mbili. Zingatia siku hizo. Mama wengi waliojifungua salama huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa 24. Maana yake ni kwamba manjano yanapofika juu kabisa, mtoto hayupo mbele ya muuguzi. Yupo nyumbani, kwenye chumba chenye pazia, na anayemwangalia ni wewe, mama mkwe au wifi yako. Ndiyo maana hudhurio la wiki ya kwanza baada ya kujifungua si la kuruka, hata kama mtoto ananyonya vizuri na wewe unajisikia mzima.

Watoto wengine wako kwenye hatari zaidi: waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, wasiopata maziwa ya kutosha siku za mwanzo, waliovilia damu kichwani wakati wa kuzaliwa, na wale ambao damu yao haipatani na ya mama. Mama mwenye kundi O anaweza kupata mtoto wa kundi A au B mwenye manjano makali. Mama mwenye Rh hasi anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya. Angalia kadi yako ya kliniki: kundi la damu limeandikwa pale. Kama pameachwa wazi, uliza.

Kuna jingine ambalo mara nyingi halisemwi. Watoto wengi katika nchi zetu, hasa wa kiume, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtoto wa namna hii akivuta harufu ya vidonge vya naftalini, vile vyeupe vinavyowekwa kwenye sanduku la nguo kufukuza wadudu, chembe zake zinaweza kuvunjika ghafla. Nguo za mtoto zilizotunzwa tangu mtoto aliyetangulia zifuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kumvika, na vidonge hivyo visiwekwe kabisa kwenye vitu vyake.

Namna ya kumwangalia

Mwangalie mchana, karibu na dirisha au mlangoni, kwenye mwanga wa jua lakini si juani. Taa ya umeme hudanganya, na chumba chenye kuta za njano au pazia la rangi ya chungwa hudanganya zaidi. Mvue nguo kwa muda mfupi, chumba kikiwa na joto.

Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, kutazama ngozi tu hakutoshi. Bonyeza taratibu kwa kidole kwenye paji la uso au kwenye kifua, achia, na utazame haraka pale palipobonyezwa kabla damu haijarudi. Angalia weupe wa macho. Angalia fizi. Kisha angalia viganja vya mikono na nyayo. Manjano huanzia usoni na kushuka kuelekea miguuni kadiri kiwango kinavyopanda, hivyo viganja na nyayo zikiwa njano, hiyo ni dharura.

Wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku, ukiona lolote kati ya haya:

- manjano yameonekana ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa
- viganja au nyayo ni njano
- mtoto analala mno, hashtuki, hanyonyi au ananyonya kwa udhaifu
- analia kwa sauti nyembamba kali isiyo ya kawaida, analegea sana, au anakakamaa na kujikunja kwa nyuma kama upinde
- ana homa, amepoa mwili, au amepata degedege

Mstari wa nne ni dalili kwamba bilirubini imeanza kugusa ubongo. Mtoto anayepona baada ya hapo anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Kwa usafiri wa dharura wa mama au mtoto mchanga, piga 115 bila malipo. Ni namba ya mfumo wa m-mama. Usingoje asubuhi ili upate bajaji. Na kama hofu yako ni gharama, kumbuka kwamba sera ya afya ya nchi yetu imewasamehe watoto walio chini ya miaka mitano malipo katika vituo vya umma. Nenda kwanza.

Jua la asubuhi na muuguzi wa Rochford

Bibi zetu hawakuota. Jua linapunguza manjano kweli, na aliyewafungua macho madaktari alikuwa muuguzi.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, Sista Jean Ward aliyesimamia wodi ya watoto njiti alikuwa na mazoea ya kuwatoa nje watoto kwenye hewa na jua siku za joto. Siku moja madaktari walipopita wodini, aliwaonyesha mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembetatu, iliyobaki njano kali. Walidhani amepakwa dawa. Kumbe ile sehemu ilikuwa imefunikwa na ncha ya shuka. Ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa imepoteza njano, na iliyofunikwa ilibaki nayo. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ilisahauliwa dirishani juani, na ilipopimwa, bilirubini ilikuwa imeshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake walitengeneza kifaa cha taa na kuchapisha matokeo yao mwaka 1958. Tiba ya mwanga tunayoitumia leo ilianzia hapo.

Sasa kwa nini nakuzuia kumwanika mtoto mwenye manjano?

Kwanza, kipimo. Jua la saa moja asubuhi la dakika 10, mtoto akiwa ndani ya blanketi na kofia uso tu ukiwa nje, halifanyi kazi yoyote ya maana. Kwa kutibu, mwili karibu wote unatakiwa kuwa wazi kwa saa nyingi. Ukimweka wazi saa nyingi juani anaungua na kuishiwa maji. Ukimweka wazi asubuhi ya Juni au Julai hapa Songea, ambapo sisi watu wazima tunatoka na makoti, anapoa mwili, na kupoa peke yake kunaweza kumuua kichanga. Nchini Nigeria watafiti walifanikiwa kutumia jua, matokeo yakatangazwa mwaka 2015, lakini walitumia mahema yenye karatasi maalumu za kuchuja miale mikali na joto, wauguzi wakiwa pembeni wanapima joto la mtoto na damu yake. Hilo ni jambo tofauti na kumlaza kwenye mkeka uani.

Pili, na hili ndilo kubwa, jua linakula siku. "Tumwanike kwanza siku tatu tuone" ndiyo sentensi ninayoiogopa kuliko zote katika kazi yangu, kwa sababu siku hizo tatu ndizo manjano yanapanda.

Mama mkwe akishikilia umwanike, usibishane naye. Mwambie muuguzi amesema mtoto apimwe kwanza, kisha mengine yafuate. Mama wakwe wengi huliheshimu neno la muuguzi, na kama hataliheshimu, njoo naye.

Chini ya taa ya bluu

Mtoto akikutwa na kiwango cha juu hulazwa chini ya taa za bluu. Mama wengi huziogopa. Taa hizi si eksirei, na ikitumiwa inavyotakiwa haziunguzi. Bilirubini hunyonya mwanga wa bluu. Ikishaunyonya, umbo lake hubadilika na kuwa la aina inayoweza kutoka kwa choo na mkojo bila kungoja ini likomae. Ni kama kufungua fundo ili kamba ipite kwenye tundu.

Kwa hiyo mwanga unafanya kazi pale tu unapogusa ngozi. Mtoto anabaki na nepi ndogo na kitambaa cha kufunika macho, kwa sababu mwanga huo mkali si mzuri kwa macho yake. Najua inauma kumwona kichanga yuko uchi wodini, na mkono unakwenda wenyewe kwenye khanga ili umfunike. Usimfunike. Kila palipofunikwa pamebaki bila dawa, kama ile pembetatu ya Rochford. Ukiona mtoto amepoa, mwite muuguzi aongeze joto la chumba.

Mnyonyeshe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, hata kwa kumwamsha. Maziwa ndiyo yanayosukuma bilirubini itoke. Usimpe maji, glukosi wala dawa ya kienyeji; vitajaza tumbo bila kusaidia. Choo kikiwa chepesi na cha kijani, ni rangi inayotoka, si kuharisha. Na usihukumu kwa macho kwamba amepona: ngozi iliyokuwa chini ya taa hupoteza njano kabla ya damu. Kipimo cha damu ndicho kinachosema lini atoke.

Taa inaweza kuonekana inang'aa sana machoni petu huku nguvu yake ya tiba imeshachoka. Kuna kifaa kidogo cha kupima nguvu ya mwanga wa bluu, na wodi nzuri hukitumia. Una haki ya kuuliza, kwa adabu, taa ilipimwa lini. Umeme nao ni sehemu ya tiba. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018. Kabla ya hapo mji ulitegemea sana jenereta za dizeli. Ukikatika ukiwa wodini, endelea kunyonyesha, na hakikisha muuguzi ameandika saa taa zilipozimika.

Simu inayosoma weupe wa jicho

Kipimo cha uhakika cha manjano ni cha damu. Kipo pia kifaa kinachogusishwa kwenye paji la uso au kifua cha mtoto, kinatoa mwanga kidogo na kusoma mwanga unaorudi. Hakitobo, lakini ni ghali, na zahanati nyingi hazina. Hapo ndipo wazo la simu lilipozaliwa: simu tayari ina taa na ina kamera.

Kamera hugawa mwanga katika nyekundu, kijani na bluu. Bilirubini hula bluu. Jicho la mtoto mwenye manjano litarudisha bluu kidogo kuliko jicho jeupe, na tofauti hiyo inaweza kupimwa kwa hesabu hata pale ambapo jicho la mtu halijaiona. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL cha London na wenzao wa Ghana walitengeneza programu inayoitwa neoSCB inayopiga picha ya weupe wa jicho. Walichagua jicho kwa makusudi: weupe wa jicho hauna ile rangi ya asili ya ngozi, kwa hiyo mtoto mweusi tii na mtoto mweupe wanapimika kwa namna moja. Ili mwanga wa chumba usivuruge, picha hupigwa kwa flashi na bila flashi, kisha hesabu huondoa mwanga wa chumba. Walijaribu kwa watoto zaidi ya 300 nchini Ghana. Kati ya watoto 79 waliokuwa na manjano makali, simu iliwatambua 74. Kile kifaa ghali cha kugusisha kiliwatambua 76. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023.

Yasome matokeo hayo mara mbili. Ni mazuri, na kwa zahanati isiyo na maabara ni msaada mkubwa. Lakini watoto watano wenye manjano makali walipita bila kuonekana. Ndiyo maana simu kama hii inafaa kuwa mkononi mwa mhudumu anayejua kutazama dalili nyingine pia. Haifai kuwa ndiyo hakimu pekee usiku wa manane chumbani.

Akili mnemba inaingia hapo kwa njia nyingine. Badala ya mtaalamu kuiandikia simu hesabu kamili, kompyuta hupewa picha za watoto wengi pamoja na majibu yao ya damu, ikatafuta yenyewe uhusiano kati ya rangi na kiwango. Programu ya BiliCam ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ilifanya hivyo kwa kuweka kadi yenye rangi maalumu kifuani kwa mtoto ili kamera iwe na kitu cha kulinganisha. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya watoto 530 wa asili mbalimbali. Kompyuta ya namna hii inajua yale tu iliyoonyeshwa. Ikifundishwa kwa watoto weupe, ikiletwa Ruvuma itabahatisha.

Hofu hiyo ina msingi. Ile klipu yenye mwanga mwekundu tunayombana mtoto kidoleni au mguuni kupima oksijeni ilivumbuliwa Japani miaka ya 1970, na imeokoa maisha ya watu wengi mno. Lakini mwaka 2020, utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, klipu ilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaitumia. Bado tunaitumia, kwa sababu inasaidia sana, ila muuguzi makini haangalii namba peke yake. Anaangalia pia kifua kinavyobonyea na mtoto anavyopumua. (Na tafadhali, msimpake mtoto hina nyeusi au rangi ya kucha. Inaweza kuvuruga kipimo.)

Tableti ya daktari si kila mara akili mnemba

Mama wa Mbeya na Morogoro huenda wameshamwona mhudumu akigusa tableti huku akimchunguza mtoto, wakadhani kompyuta ndiyo inayotibu. Katika vituo 40 vya mikoa hiyo miwili ulifanyika utafiti wa mfumo unaoitwa ePOCT+, ambao Taasisi ya Afya Ifakara na NIMR walishiriki. Tableti humuuliza mhudumu maswali kwa mpangilio, humkumbusha kupima oksijeni kwa ile klipu ya mwanga na vipimo vingine vichache, kisha hupendekeza matibabu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalinifurahisha: katika vituo vyenye mfumo huo watoto waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 23, wakati katika vituo vya kawaida walikuwa asilimia 70, na watoto wa pande zote mbili walipona sawa.

Kanuni za tableti hiyo ziliandikwa na madaktari, hatua kwa hatua. Haikujifunza yenyewe kutokana na picha. Natofautisha kwa sababu neno "akili mnemba" sasa linabandikwa kwenye kila kitu chenye kioo. Mhudumu akitumia chombo kwa mtoto wako, unaruhusiwa kumuuliza kinapima nini, na kikikosea nani anagundua.

Picha uliyopiga mwenyewe

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliwahi kunitumia picha ya mwanawe wa siku nne kwa WhatsApp, saa tatu usiku, akiuliza kama ana manjano. Kwenye picha mtoto alikuwa na rangi nzuri ajabu, laini kama wa kwenye kalenda. Nilimwuliza ananyonyaje. "Analala sana dada, hadi namshtua." Nikamwambia aende hospitali usiku ule. Kwenye taa nzuri ya wodini nyayo zake zilikuwa njano.

Simu haikuharibika. Simu nyingi za siku hizi zimewekewa akili mnemba ndani ya kamera, na kazi yake ni kumpendezesha mtu: inalainisha ngozi, inaongeza weupe, inasawazisha rangi ya taa. Chombo kilichotengenezwa kuondoa kasoro kwenye picha kitaondoa na manjano. Kisha WhatsApp nayo inaibana picha kabla ya kuituma. Kwa hiyo ukinitumia picha, nitaiangalia kwa heshima, lakini nitakuuliza maswali, na majibu yako yana uzito kuliko picha. Kama ni lazima upige, piga mchana karibu na dirisha, zima urembo wa kamera, weka kitambaa cheupe kando ya uso wa mtoto, na utume pia picha ya nyayo.

Zipo pia programu za kuzungumza nazo, unazoziuliza kwa Kiswahili na zinajibu kwa ufasaha. Ukiuliza kuhusu manjano, zitakuambia manjano ya watoto wengi si hatari. Ni kweli. Ila jibu hilo linawahusu watoto wengi, na wewe unauliza kuhusu mmoja ambaye programu haijambonyeza paji la uso wala kumwona akinyonya. Itumie kujifunza maneno na kuandaa maswali ya kliniki. Ikikuambia subiri, na mtoto wako ana dalili mojawapo kati ya zile tano za juu, usisubiri.

Jicho jeupe kwenye picha

Flashi ina faida moja ambayo mama anaweza kuipata nyumbani bila programu yoyote. Ukipiga picha kwa flashi, mara nyingi mboni hung'aa nyekundu. Huo ni mwanga unaorudi kutoka nyuma ya jicho. Mboni moja ikirudisha weupe au manjano badala ya wekundu, huenda ni kwa sababu ya pembe ya picha tu, lakini inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho ya watoto inayoitwa retinoblastoma. Bryan Shaw, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, ambaye mwanawe alikuwa na saratani hiyo, alirudi kwenye picha za zamani za familia akaukuta weupe huo ulikuwepo tangu mtoto akiwa mdogo sana. Alishirikiana na wenzake kutengeneza programu inayopekua picha za simu ikitafuta mboni nyeupe. Mwaka 2019 walionyesha kwamba kwa watoto wengi waliochunguzwa, dalili ilikuwa imeingia kwenye picha zaidi ya mwaka mmoja kabla ya daktari kuitambua.

Ukiona weupe huo kwenye picha zaidi ya moja, nenda na simu yako kliniki ya macho, uwaonyeshe. Usifute picha.

Manjano yasiyoisha

Mtoto akizidi siku 14 bado ana manjano, arudishwe kupimwa hata kama anaongezeka uzito na anacheka. Wakati huo angalia nepi. Mkojo wa kichanga unatakiwa kuwa mwepesi usiotia doa, na choo kiwe cha njano au kijani. Choo kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi au kama unga uliolowa, na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, huenda njia ya nyongo imeziba. Hiyo haitibiki kwa taa wala kwa jua. Inahitaji upasuaji, na matokeo ni mazuri zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya kufikisha miezi miwili. Usiitupe nepi hiyo. Ifunge kwenye mfuko, uje nayo kliniki.